Fremu ya Nottingham, Fundi wa Singida

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 iliuliza kaya kama zinamiliki baiskeli. Jibu lilikuwa ndiyo au hapana, karani akaweka alama yake na kuendelea na redio, simu na jembe. Sina ugomvi na swali hilo, kwa kuwa takwimu zina kazi yake. Lakini mtu anayefahamu baiskeli zinazotembea katika vijiji vya Singida, kuanzia Ikungi hadi Mkalama, anajua kwamba neno "baiskeli" katika dodoso lile limeficha karibu miaka tisini ya historia ya uchumi wa nchi hii. Baiskeli moja inaweza kuwa na fremu iliyotoka Uingereza kabla ya Uhuru, ringi za India, pedeli za China, keria iliyochomelewa kwa nondo za ujenzi na kiti kilichoshonwa upya kwa mpira wa gari. Mwenye nayo huiita Raleigh. Karani ameandika: moja.

Katika makala haya nataka kuisoma baiskeli hiyo kama mwanahistoria anavyosoma jalada. Nina sababu ya kufanya hivyo sasa. Majalada haya yanauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mafundi wanaoweza kuyasoma wanazeeka.

Tuanze na asili ya chuma chenyewe. Kampuni ya Raleigh ilianzishwa katika mji wa Nottingham, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1880, na jina lake lilitokana na mtaa ulikokuwa karakana yake ya kwanza. Hadi kufikia katikati ya karne ya ishirini ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa baiskeli duniani, na soko lake kubwa halikuwa Uingereza peke yake. Waingereza walipokuwa wanaanza kuota gari dogo la familia, makoloni yalikuwa bado yanatembea kwa miguu. Baiskeli iliyotufikia haikuwa ile nyepesi ya mashindano yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Ilikuwa baiskeli ya barabara ya kazi: nyeusi, ndefu, yenye magurudumu ya inchi 28, breki za fito badala ya waya, na madigadi ya bati nene. Mbele, chini ya usukani, ilibeba nembo yenye kichwa cha korongo. Pamoja nayo zilikuja Humber, Rudge, Phillips, BSA na Hercules, lakini katika midomo ya watu wa Kanda ya Kati jina la Raleigh lilizimeza zote.

Nani alizinunua? Hapa historia ya Singida inajitenga kidogo na ya mikoa ya kahawa na pamba. Mnyaturu au Mnyiramba wa miaka ya 1930 hakuwa na zao la kuuza nje lenye bei ya kumtajirisha. Alikuwa na ng'ombe, mtama, uwele, na nguvu za mikono yake. Kodi ya kichwa ilimtaka fedha taslimu, na fedha hiyo wengi waliifuata mbali, katika mashamba ya mkonge na kahawa ya kaskazini. Mwanaume aliyerudi na baiskeli alikuwa amerudi na ushahidi kwamba miezi yake ya kazi haikuyeyuka yote katika kodi. Wengine walionunua mapema walikuwa walimu, matarishi wa mahakama za wenyeji, makarani, wauguzi na wainjilisti. Misheni ya Kilutheri ya Augustana kutoka Marekani, iliyoingia Iramba katika miaka ya 1920, ilieneza shule na vituo vya ibada vilivyoachana kwa umbali ambao mtu wa miguu aliumaliza kwa siku nzima. Sidhani kama tunaweza kueleza jinsi elimu ilivyoenea Iramba bila kuitaja baiskeli ya mwalimu.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya historia ya uchukuzi hulipita haraka. Wakoloni walijenga tawi la reli kutoka Manyoni hadi Singida na kuendelea hadi Kinyangiri katika miaka ya 1930. Miaka ya 1940 reli hiyo iling'olewa, vyuma vyake vikatumika kwingine, na Singida ikabaki bila treni hadi ilipojengewa tena njia baada ya Uhuru, kazi iliyoanza katika miaka ya 1980. Kwa kizazi kizima na zaidi, mkoa ulikuwa na kovu la tuta lililowahi kubeba reli. Mzigo uliosafiri kijijini katika muda huo ulisafiri kwa kichwa, kwa punda, na kwa baiskeli. Serikali iliweza kung'oa reli kwa sababu ilikuwa mali yake. Baiskeli ilikuwa ya mwenyewe.

Mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyefanya utafiti kwa Wanyaturu mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza kwamba ng'ombe katika jamii ile walifanya kazi ya fedha na mtaji: walihifadhi thamani, walikopeshwa, walizaa faida. Hoja yake ilileta mabishano miongoni mwa wasomi, na sitaki kuyafufua hapa. Ninalotaka kulisema ni kwamba mtu anayewatazama ng'ombe wake hivyo hawauzi ovyo. Wazee niliozungumza nao vijijini, kila mmoja kwa namna yake, wameniambia kwamba baiskeli ilikuwa miongoni mwa vitu vichache vya dukani vilivyostahili ng'ombe kutolewa zizini. Ng'ombe huzaa na baiskeli haizai, hivyo aliyebadilisha alihitaji uhakika kwamba chombo hicho kitadumu. Hapo ndipo fundi anapoingia katika historia hii.

Mafundi wa kwanza, kama ilivyokuwa katika miji mingi midogo ya Tanganyika, walijifunza barazani kwa maduka ya Waasia. Duka liliuza baiskeli, na nje yake alikaa mtu wa kuziunganisha na kuzikarabati. Vijana waliokuwa wakishika spana na kupuliza pampu waliondoka na ujuzi huo, wakaenda kukaa chini ya miti yao wenyewe. Hawakuandika kitabu cha mwongozo. Walichoacha ni namna ya kufikiri, na naomba msomaji anivumilie nieleze kwa kirefu, kwa kuwa sisi wa vyuo vikuu tuna tabia ya kuita "ujuzi wa asili" kitu ambacho hatujakitazama.

Fremu ya zamani ya Kiingereza imetengenezwa kwa mabomba ya chuma yaliyochomekwa katika soketi na kushikizwa kwa shaba iliyoyeyushwa. Shaba huyeyuka kwa joto dogo kuliko chuma, hivyo fundi mwenye moto mzuri anaweza kulegeza kiungo, kutoa bomba lililopasuka na kuingiza jingine bila kuunguza fremu yote. Mabomba ni mazito kuliko mahitaji ya barabara ya lami ya Uingereza, na uzito huo, ambao Mwingereza wa leo huuona kero, ndio uliookoa baiskeli hizi kwenye njia za mchanga na mawe za Iramba. Nafasi kati ya gurudumu na foki ni pana, tope halikwami. Breki za fito hazina waya wa kukatika: fito ikipinda inanyooshwa kwa nyundo, kiungo kikilegea kinafungwa kwa kipande cha waya wa chandarua. Kwa ufupi ni mashine ambayo karibu kila sehemu yake inaonekana kwa macho na kufunguliwa kwa spana tatu. Waliobuni hawakuwafikiria mafundi wa Singida, lakini waliwafaa.

Sasa mfuate fundi anapofufua moja. Fremu inayoletwa imekaa darini au nyuma ya zizi miaka kumi. Kwanza anaivua yote. Vyuma vidogo vinalala katika mafuta ya taa usiku kucha. Krenki ndizo huleta vita, kwa sababu zimeshikiliwa na pini ya kabari ambayo kutu imeigeuza kuwa kitu kimoja na ekseli. Mjinga hugonga kwa hasira na kupinda ekseli. Fundi anaegemeza krenki juu ya kipande cha bomba zito, anapiga pigo moja la uhakika, na pini inatoka. Pini mpya haiingii ilivyo, inapigwa tupa kidogo kidogo mpaka uso wake ulale sawa. Ikikosewa, pedeli moja itakuwa mbele ya mwenzake na mwendeshaji atahisi anachechemea.

Gololi zinahesabiwa na kupangwa katika vikopo kwa ukubwa, kwa sababu gololi moja ndogo kuliko wenzake huharibu njia nzima. Halafu gurudumu. Magurudumu ya Kiingereza yalikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa mantiki rahisi kwamba uzito hukaa nyuma. Fundi anazifunga upya, anageuza baiskeli miguu juu, anashika kipande cha chaki karibu na ringi na kuizungusha. Chaki inapogusa ndipo ringi ilipotoka nje. Anakaza upande huu, analegeza upande ule, robo ya mzunguko, na anagonga spoku kwa ukucha kusikiliza mlio. Nimewahi kumwona mhandisi mwenye shahada akijaribu kazi hii kwa dakika arobaini na kuacha ringi ikiwa na umbo la chapati.

Kuna siri moja ya Raleigh ambayo nimeikuta kwa karibu kila fundi mkongwe, na inasema mengi kuhusu jinsi maarifa yanavyohifadhiwa. Nyuzi za skrubu katika vikombe vya ekseli ya pedeli za Raleigh zilikuwa 26 kwa inchi, ilhali kipimo kilichozoeleka kwa watengenezaji wengine wa Uingereza na waliowaiga kilikuwa 24. Kiwanda kilitaka mteja abaki wake. Fundi wa Ilongero hajawahi kusoma habari hiyo popote. Anajua tu kwamba kikombe cha Kihindi "hakikai" kwenye Raleigh, ukikilazimisha unaila fremu. Kwa hiyo hatupi Raleigh iliyokufa. Anaihifadhi nyuma ya banda kwa ajili ya vikombe vyake. Yale marundo ya vyuma ambayo maofisa afya huyaona uchafu ni ghala la vipuri ambavyo hakuna duka duniani linalomletea.

Nikisema kufufua, basi, sina maana ya kurudisha baiskeli ilivyotoka kiwandani. Huko Ulaya na Marekani wako wapenzi wa baiskeli za kale wanaotafuta rangi ileile, stika ileile, kiti cha ngozi cha Brooks cha mwaka uleule. Nawaheshimu. Lakini kwa fundi wa Singida kazi imekamilika pale baiskeli inaporudi kazini, na kazi hiyo huamua umbo. Mchuuzi wa kuku wa kienyeji, anayezunguka vijijini kukusanya kuku watakaosafirishwa hadi Dodoma na Dar es Salaam, anahitaji keria ndefu na pana ya kubeba tenga, mihimili miwili ya ziada inayoshuka hadi kwenye ekseli ya nyuma, na stendi ya miguu miwili isiyozama mchangani. Mbeba alizeti anataka keria iwe chini ili gunia lisiyumbe. Mbeba maji anataka kulabu za madumu pande zote mbili. Foki ya mbele, iliyobuniwa kumbeba karani mmoja na mkoba wake, inaongezewa fito mbili kutoka kwenye ekseli hadi chini ya usukani.

Geuzo linalonigusa kuliko yote ni la hivi karibuni. Shule za sekondari za kata zilipojengwa kwa wingi katikati ya miaka ya 2000, wasichana wengi wa Singida walijikuta na shule, lakini ikiwa mbali. Baiskeli iliyokuwa nyumbani ilikuwa ya babu, yenye bomba la juu lililonyooka ambalo sketi haiwezi kulivuka. Nimeona fremu ambazo bomba hilo limekatwa na kushushwa, likachomelewa sambamba na bomba la chini, na kipande cha nondo kikawekwa katikati kuzuia fremu isikunjamane. Kwa mkusanyaji wa vitu vya kale huo ni uharibifu. Kwangu ni waraka wa sera ya elimu ulioandikwa kwa moto wa kuchomelea, na tena umeandikwa na mtu aliyeona tatizo ambalo waliochora ramani za shule hawakuliona. Tusisahau pia kwamba kwa miongo mingi baiskeli ilikuwa mali ya wanaume. Mwanamke ndiye aliyechota maji, akateka kuni na kupeleka mtama mashineni, na alifanya hivyo kwa kichwa huku chombo cha magurudumu kikiegemea ukuta kikimsubiri mwenye nyumba aende kilabuni. Anayetaka kuisifu baiskeli lazima aliseme na hilo.

Turudi kwenye mfuatano wa miaka. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya kuagiza bidhaa iliingia mikononi mwa mashirika ya umma, na baadaye kila mkoa ukawa na kampuni yake ya biashara, RTC. Ujenzi wa reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975 uliambatana na mpango wa kufidia gharama za ndani kwa kuuza bidhaa za Kichina nchini, na katika muongo huo watu wa bara wakaanza kuizoea China kama nchi ya bidhaa, ikiwamo baiskeli ya Phoenix ya Shanghai. Dar es Salaam nako tukawa na kiwanda chetu, NABICO, na baiskeli yetu yenye jina zuri la Swala. Kijana anayesoma makala haya huenda hajawahi kuiona. Ilikuwa ndoto halali kabisa: nchi ya wakulima inajitengenezea chombo cha mkulima.

Wakati huohuo Operesheni Vijiji ilibadilisha jiografia ya mkoa. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba watu wote wahamie vijijini kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Kwa Mnyaturu aliyezoea boma lake kuwa karibu na shamba lililorutubishwa na samadi ya zizi lake, kuhamishwa kulimaanisha kwamba shamba la zamani lilikuwa sasa mbali. Mwenye baiskeli aliendelea kulihudumia. Asiyekuwa nayo alichagua kati ya kutembea na kuliacha. Sera ile imeandikwa sana, na wengi wameiandika kwa hasira au kwa mapenzi. Sijaona bado aliyeiandika kutoka juu ya kiti cha baiskeli.

Halafu ukaja ukame wa bidhaa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, kuanguka kwa bei za mazao, na udhaifu wa mashirika yetu wenyewe vilikausha fedha za kigeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 baiskeli mpya ilipatikana kwa kibali, na kibali kilipatikana kwa kujulikana. Tairi na tyubu zikawa dhahabu. Kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983 ilimtia hofu hata mfanyabiashara mdogo aliyekuwa na mzigo kidogo wa vipuri chini ya kitanda. Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliendesha kwa muda mrefu baiskeli ambayo tairi lake la nyuma lilikuwa na viraka vya ndani vilivyokatwa kutoka tairi jingine na kushonwa kwa waya mwembamba. Nilipokuwa mdogo nilidhani tairi zote hutoa ule mlio wa tap-tap zinapozunguka.

Mimi nadai kwamba miaka ile ya dhiki ndiyo iliyokamilisha ufundi wa Singida. Vipuri vilipokosekana, fundi hakuweza tena kuwa mtu wa kubadilisha kilichoharibika kwa kingine kipya. Ilibidi atengeneze. Pedeli zikachongwa kwa mti mgumu na kuvikwa mpira wa tairi la gari. Raba za breki zikakatwa kutoka kandambili na soli. Meno ya friwili yaliyolika yakajazwa chuma na kupigwa tupa upya. Wataalamu wa uchumi wanauita muongo huo uliopotea, na kwa takwimu za Pato la Taifa wana haki. Lakini chini ya mti nje ya soko, viwanda vyetu vilikuwa vinaendelea, bila umeme, bila bodi ya wakurugenzi na bila mgawo wa fedha za kigeni.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa, na baada ya 1985 milango ikafunguka zaidi. Hero na Avon za Ludhiana, India, zikaingia pamoja na Phoenix, na baadaye mitumba kutoka Japani na Ulaya. Swala mpya ikatoweka madukani. Simlaumu mkulima aliyenunua ya nje kwa bei nafuu. Ninachokitafakari ni kwamba tulipokuwa na kiwanda hatukuwahi kumuuliza fundi wa Kiomboi baiskeli ya Tanzania iweje, ingawa alikuwa na majibu ya miaka arobaini mikononi: ongeza mihimili ya nyuma, imarisha foki, tengeneza keria inayostahili jina hilo. Kila Phoenix mpya iliyofika kijijini ilipelekwa kwanza kwa fundi ikaongezewe vyuma kabla haijabeba gunia la kwanza. Kiwanda kilichokuwa karibu na maarifa hayo kuliko Shanghai na Ludhiana hakikuyachukua.

Na serikali iliitazamaje baiskeli katika muda wote huu? Zaidi kama chanzo cha mapato. Tangu ukoloni hadi enzi za halmashauri zetu, mwenye baiskeli alilipia leseni na kupewa kibati au stakabadhi, na mgambo walijua mahali pa kusimama siku ya mnada. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa pamoja na rundo la ushuru mdogomdogo uliokuwa kero, na watu wakapumua. Nami nilifurahi. Ila kodi hutengeneza kumbukumbu, na hapa nazungumza na watumishi wa halmashauri wanaosoma ukurasa huu. Kama katika stoo zenu kuna madaftari ya leseni za baiskeli, yenye majina, vijiji na miaka, yasichomwe siku ya usafi. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inawapa wajibu juu yake. Mimi nayatamani kwa sababu ya kitaaluma kabisa: nikiwa na daftari la namna hiyo ninaweza kuonyesha ni vijiji gani vilipata fedha mwaka gani, jambo ambalo ripoti za wakuu wa wilaya hulisema kwa mafumbo.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 pikipiki imechukua nafasi ya baiskeli katika safari nyingi. Barabara ya lami inayopita Manyoni, Singida na Shelui kuelekea Nzega imeharakisha kila kitu, na malori yanayopita hapo hayampi mwendesha baiskeli hata nafasi ya kiwiko. Sioni haja ya kuililia baiskeli mbele ya mama aliyewahishwa hospitali kwa bodaboda. Hasara ninayoiona ni nyingine. Fremu iliyonunuliwa kwa ng'ombe, ikadumu chini ya gavana na marais, leo inawekwa kwenye mizani ya chuma chakavu pamoja na makopo. Kijana anayeiuza anapata fedha ya chakula cha siku mbili. Fundi hawezi kushindana na bei hiyo kwa kuwa yeye anahitaji kuinunua, kuifufua na kumsubiri mteja. Nchi hiihii ina utaratibu, kupitia VETA, wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na Singida ina chuo cha VETA na ofisi ya SIDO. Sioni kinachozuia fundi wa baiskeli mwenye miaka hamsini ya kazi kupimwa, kupewa cheti na kupewa wanafunzi wawili. Wapo wanaosema baiskeli haina soko. Wakae sokoni asubuhi moja wahesabu matenga.

Nottingham yenyewe haitengenezi tena. Kazi ya Raleigh katika mji huo ilikoma mwaka 2002, na sehemu ya ardhi iliyokuwa ya kiwanda sasa ni kampasi ya chuo kikuu. Wenzetu wanafundisha juu ya udongo ule, na nadhani wamehifadhi picha na michoro. Lakini picha na michoro itawaambia fremu ilitokaje kiwandani. Ilivyoishi miaka sabini baada ya hapo, na ilivyobadilishwa ili iishi, wataisoma Singida au hawataisoma kabisa.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wangu, na yeyote mwenye baiskeli kuukuu nyumbani kwa babu yake, mfanye kazi ndogo kabla ya mnunuzi wa vyuma kufika. Futa kutu karibu na bomba la kiti utafute namba ya fremu. Ikiwa habu ya nyuma ni ya Sturmey-Archer yenye gia, isugue kwa mafuta ya taa: mara nyingi utakuta imepigwa chapa ya mwezi na mwaka ilipotengenezwa. Hesabu spoku za mbele na za nyuma. Piga picha kila mahali palipochomelewa, na uulize nani alichomelea na kwa sababu gani. Mwulize mzee aliinunua wapi, kwa fedha ya kazi gani au kwa ng'ombe yupi, maana atamkumbuka hata kwa rangi. Andika jina la kijiji na jina la fundi. Usiipake rangi kwanza.